Mvita Ni Zaidi ya Ngome

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno. Mwaka uliotajwa pale ni 1635. Watalii hulipita wakitafuta tikiti mfukoni, watoto wa shule hulipita wakisukumana, na sisi wa mji tumelizoea kama tulivyozoea kunguru. Lakini jiwe lile ni andiko, tena andiko la vita, na andiko halikosi mwandishi. Aliyeliweka ni Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa ngome. Anatuarifu kwamba alishika ukapteni akiwa na miaka 27, kwamba aliijenga ngome upya, kwamba aliirudisha pwani yote hii chini ya mfalme wake baada ya kuasi, kwamba wafalme kadhaa sasa wanatoa kodi, na kwamba Pate na Siyu aliziadhibu kwa namna isiyowahi kuonekana, hata kuta zao zikabomolewa.

Aliyesoma fasihi simulizi sekondari atalitambua andiko hili mara moja. Haya ni majigambo. Shujaa anajitaja jina, anataja umri, anahesabu vita alivyopigana na maadui aliowaangusha, kisha anangoja kusifiwa. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Majigambo ya kwetu husemwa mbele ya watu wanaomjua msemaji. Akizidisha chumvi kuna wa kuguna, akidanganya kuna mzee wa kumwambia keti. Kapteni yeye alijigamba juu ya jiwe, kwa lugha ambayo wengi wa aliowapiga hawakuisoma, akaliweka mahali ambapo kila aingiaye sharti apite chini yake. Karibu miaka 400 imepita na bado hajajibiwa.

Nimeanza na jiwe hili kwa sababu linatuleta kwenye swali ambalo wapenzi wa Mombasa hulikwepa kwa adabu: nani anaihifadhi historia ya mji huu wa vita, na anachokihifadhi hasa ni nini? Si kwamba hakuna wahifadhi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanaiangalia ngome. Kuna Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, ile ambayo wengi huijua kwa kifupi chake MOTCO. Kuna wasomi, kuna sheria, kuna mafundi. Kazi yao si haba na nitaisema kwa haki. Dai langu ni hili: tumeihifadhi vizuri historia ya wenye mizinga, na ile iliyotunzwa na ndimi za watu tumeiachia bahati na nasibu. Kwa mji ambao jina lake lenyewe ni Mvita, hilo ni kosa la usomaji kabla halijawa kosa la bajeti.

Mji ulitangulia

Tuanze na jina. Wapo wasemao Mvita ni kisiwa cha vita, basi, mambo yamekwisha. Wapo wasemao jina ni la Shehe Mvita, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji aliushika mji baada ya zama za malkia Mwana Mkisi. Watu hubishana juu ya hili barazani hadi kahawa ikapoa. Mimi naona masimulizi yote mawili yanafanya kazi moja: yanasema mji huu ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na siasa yao, kabla ya mgeni yeyote kushusha nanga.

Tarehe zinawaunga mkono. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akaukuta mji wenye misikiti na watu wa dini. Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaupiga mji na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja na jeshi lake, na mji ukaungua tena kabla hajaondoka. Mwaka 1589 Wareno wakarudi mara nyingine, safari hii wakiwakimbiza Waturuki waliokuwa wamekaribishwa na wenyeji. Ndipo mwaka 1593 ngome ikaanza kujengwa, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikakamilika mwaka 1596. Kwa hivyo mpango wa matukio ni huu: mji, moto, mji, moto, mji, moto, kisha ngome. Mji uliochomwa mara tatu ukajengwa upya mara tatu ni mji uliojengwa vitani kweli kweli. Ngome ilikuja mwisho.

Sasa tusome andiko la pili, hili la zama zetu. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika Ngome ya Yesu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima, na waliopigania heshima hiyo walistahili pongezi walizopata. Lakini hebu tusome hesabu zake. Eneo lililoandikwa kuwa urithi ni hekta 2.36, yaani ngome, handaki lake na kiwanja kinachoizunguka. Kando yake kuna hekta 31 zilizopewa jina la ukanda wa kinga. Ndani ya ukanda huo ndimo uliomo Mji wa Kale.

Kaa na neno hilo kidogo. Ukanda wa kinga. Ngome ilijengwa ili kuuchunga mji, na leo mji umepewa kazi ya kuichunga ngome. Na usiniambie ndivyo mambo yanavyokuwa kila mahali. Majirani zetu hawakuandikwa hivyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha hiyo mwaka 2000, Lamu ukaingia mwaka 2001, na yote miwili iliingia kama miji: misikiti yake, vichochoro vyake, majumba yake na watu wake. Lamu nayo ina ngome. Zanzibar nayo ina Ngome Kongwe. Hakuna aliyeupunguza mji ukawa uzio wa ngome yake. Mombasa ndiyo iliyoingia kwa lango la kapteni.

Sisemi kwamba wataalamu walikosea kuipenda ngome. Kama kazi ya ujenzi wa kijeshi wa karne ya 16, ni mfano bora, na imesalimika kuliko nyingi za aina yake. Nasema kwamba uamuzi wa nini kiandikwe na nini kiwe pambizo ni uamuzi wa kihariri, na mhariri anaweza kuulizwa.

Wanawake 50

Hadithi ya ngome inayosimuliwa sana ni fupi na inakwenda kwa mataifa: Wareno walijenga, Waomani wakateka, Waingereza wakaifanya jela. Mwanafunzi akiondoka nayo hiyo atapata alama zake kwenye mtihani. Shida ni kwamba hadithi hiyo haina Mswahili hata mmoja ndani yake, na vita vyenyewe vilijaa Waswahili.

Chukua mazingiwa ya mwaka 1696. Waomani walifika tarehe 13 Machi na ngome haikuanguka hadi tarehe 13 Desemba 1698. Miezi 33. Katikati ya muda huo tauni iliingia ngomeni ikawamaliza Wareno. Kufikia katikati ya mwaka 1697 ulinzi ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, watu 17 wa ukoo wake, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioishika ngome hadi meli ya Kireno ilipofika mwezi Septemba.

Isome tena hesabu hiyo. Kwa majuma kadhaa, ngome mashuhuri ya Ureno kwenye pwani hii haikuwa na Mreno wa kuilinda. Ilishikwa na Mswahili kutoka Faza na ukoo wake, na wengi wa waliokuwa pamoja naye walikuwa wanawake. Katika hadithi iliyotufikia, kapteni ana jina, umri na jiwe. Daud ana jina na mji wa kwao. Wanawake wana namba tu.

Kwa nini basi hatuwasimulii? Sababu moja ni ile ya kawaida: aliyeandika ripoti hakuona haja ya majina yao. Lakini kuna sababu ya pili, na hii inatuhusu sisi. Daud alikuwa upande wa Wareno. Watu wengi wa Mombasa walikuwa upande wa pili, na Waomani walikuja kwa kuitwa na wenyeji waliochoshwa na utawala wa Kireno. Faza ilikuwa na ugomvi wake wa siku nyingi na Pate, na Pate ilikuwa na Waomani. Kwa hivyo ndani ya vita vya wageni wawili mlikuwa na vita vya miji ya Waswahili, kila mmoja na hesabu zake. Sasa ukitaka hadithi tamu ya sisi dhidi ya wao, Daud anakuharibia. Ukimweka, lazima ukubali kwamba babu zetu walikuwa wanasiasa kamili, wenye maslahi, wenye kupatia na kukosea. Ukimwacha, unabaki na wahanga wazuri wa kupiga picha.

Hapa lawama si ya makumbusho peke yake. Ni yetu sote tunaopenda kusema "historia yetu imeibiwa" huku tukikataa sehemu za historia hiyo zisizotupendeza. Yusuf bin Hasan naye tumemfanyia hivyo hivyo. Alilelewa Goa, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuongozwa. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni, na Wakristo wengi wa mji wakauawa baada yake. Wareno wakaja kumzingira wakashindwa. Mwaka uliofuata akauacha mji mwenyewe, akaenda baharini. Kwa wengine ni shahidi wa ukombozi, kwa wengine ni mwuaji wa mashahidi. Uasi ambao kapteni wa 1635 anajigamba kuuzima ndio huu. Mtu kama huyu anahitaji riwaya, anahitaji tamthilia, anahitaji mjadala wa usiku kucha. Ukimpa sentensi moja kwenye bango umemzika mara ya pili.

Na desturi ya kuwakumbuka watu kwa namba haikuishia karne ya 17. Katikati ya mji, mbali kidogo na ngome, ipo kumbukumbu ya mwaka 1927 ya Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari na wapagazi. Nairobi ipo nyingine, Dar es Salaam ipo nyingine. Zote tatu zina sanamu na maneno ya heshima. Majina ya waliokufa hayamo. Nenda makaburi ya Waingereza wa vita vile vile, kila mtu ana jiwe lake. Kumbe mtindo wa uandishi ni ule ule wa juu ya lango: mkubwa anapewa jina, mdogo anapewa idadi, na ikikosekana idadi anapewa sanamu.

Makumbusho yasiyo na kuta

Nimesema mji ulikuwa na njia yake ya kuhifadhi vita. Tuitazame.

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi takriban mwaka 1840. Zama zake ni zama za Wamazrui waliotawala kutoka ngomeni na kumkatalia Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, hadi Said alipouchukua mji mwaka 1837. Muyaka alikuwa mtu wa Wamazrui waziwazi. Alitunga juu ya vita, juu ya miji jirani, juu ya mapenzi, juu ya njaa na mwenye duka asiyekopesha. Wataalamu humpa sifa ya kulitoa shairi msikitini na kulileta sokoni. Lililo muhimu kwetu hapa ni kwamba tungo zake za vita zilikuwa sehemu ya vita. Mji mmoja ukitoa shairi, mji mwingine ulijibu. Hakuna aliyejigamba bila kujibiwa. Linganisha na lile jiwe.

Sasa uliza: tungo hizi zilitufikiaje? Muyaka hakuwa na ofisi. Alipokufa, tungo zilibaki vifuani mwa watu. Karibu nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, alikaa akazikumbuka na kuziandika kwa khati za Kiarabu, akisaidiana na mmishenari Mwingereza W. E. Taylor aliyekuwa akizikusanya. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor aliongeza maelezo yake, na karatasi hizo leo ziko maktaba ya SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens alizitoa kama diwani, Afrika Kusini. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa, akatoa kitabu chake juu ya Muyaka hapa Kenya.

Tazama uzi ulivyo mwembamba. Kama Mwalimu Sikujua angefariki miaka kumi mapema, au angekuwa mtu asiyejali, leo tungekuwa na ngome nzima yenye kuta nene na hatuna hata neno moja la jinsi mji ulivyokuwa ukiongea chini ya kuta hizo. Kwangu mimi, huyu ndiye mhifadhi mkuu wa historia ya Mombasa. Hakuchimba msingi, hakupaka chokaa. Alikumbuka, akaandika. Na ukitembea Mji wa Kale ukawauliza vijana kumi Mwalimu Sikujua ni nani, nina hofu na majibu utakayopata.

Desturi hiyo haikufa naye. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliifanya karibu yetu kabisa. Sehemu ya maisha yake aliitumia akishirikiana na makumbusho ya pwani. Katika Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliotolewa mwaka 1979, alieleza uundaji wa chombo cha bahari hatua kwa hatua ili majina ya mbao, kamba na zana yasipotee pamoja na mafundi wenyewe. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mwanahistoria wa Mombasa, alifanya yake kwa historia ya lugha kabla ya kufariki mwaka 1976 akiwa bado kijana wa makamo. Hawa walielewa jambo moja: kitu kinaweza kusimama na maana yake ikawa imeanguka. Chombo kikibaki makumbusho na majina ya viungo vyake yakasahaulika, umebaki na mbao.

Chokaa na saruji

Turudi mitaani sasa, maana haya si mambo ya vitabuni tu.

Mji wa Kale ulipewa ulinzi wa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpango wa uhifadhi uliochapishwa mwaka 1990 ulihesabu majumba, milango ya nakshi na roshani zake. Ofisi ya uhifadhi ilifanya kazi ambayo mtu mvivu hawezi kuithamini: kupima nyumba moja moja, kushauri wenye nyumba, kukataa ramani mbovu. Bila ofisi hiyo, Ndia Kuu ingekuwa safu ya maghorofa ya vioo. Baadhi ya maghorofa yamepenya hata hivyo, na yanasimama katikati ya majumba ya kale kama meno ya bandia.

Lakini fikiria hali ya mwenye nyumba. Nyumba yake ya matumbawe, boriti na chokaa imeanza kutoa unyevu. Fundi wa chokaa ni wachache na kazi yao ni ya subira. Saruji ipo dukani, inakauka kesho. Tatizo ni kwamba saruji huziba pumzi ya ukuta wa matumbawe. Unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya miaka plasta inabambuka na kutoka na jiwe. Mtaalamu atamwambia asitumie saruji, na atakuwa sawa. Mwenye nyumba atauliza nani atalipa tofauti, na yeye pia atakuwa sawa. Akichoka anauza, na mnunuzi hana hadithi ya nyumba ile. Uso wa nyumba unaweza kuokolewa kwa amri. Aliyejua kwa nini chumba kile kiliitwa sabule, aliyejua daka ni la kukaa nani na saa ngapi, huyo amekwishahamia Kisauni au Bamburi, na hakuna fomu ya kumjaza.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa fikra, na nauita upungufu wa fikra makusudi, kwa sababu fedha huwa kisingizio chepesi. Ngome ilipotoka kuwa jela mwaka 1958, baada ya miaka 63 ya wafungwa, fedha zilipatikana: Wakfu wa Gulbenkian ulioko Lisbon ulitoa pauni 30,000, James Kirkman akachimba, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Kazi ya Kirkman ilikuwa ya kitaalamu, na mengi tunayoyajua juu ya kuta zile tunayajua kwa jasho lake. Lakini wahenga walisema mwenye kisu ndiye mla nyama. Fedha kutoka Lisbon ziliichimba ngome ya Wareno. Nani angetoa pauni hata elfu moja wakati ule kuwaendea wazee wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, mbari 12 za mji huu, kuandika wanavyozisimulia vita vile vile? Wazee wa mwaka 1958 walikuwa na babu waliomwona Muyaka kwa macho. Nafasi hiyo imepita na hairudi. Ya sasa bado ipo, nayo inapungua kila Ijumaa tunaposalia jeneza.

Najua jibu nitakalopewa. Makumbusho hufanya kazi na vitu, na masimulizi hayapigi chapa mlangoni. Mtalii analipa kuona mizinga, halipi kusikiliza bibi akitaja majina ya mitaa. Tena masimulizi hubadilika, huongezwa chumvi, kila ukoo hujipendelea. Yote ni kweli. Lakini tumekwisha kuona kwamba jiwe nalo hujipendelea. Kapteni wa miaka 27 hakuwa mwanahistoria asiye na upande. Alikuwa kijana anayeandika sifa zake mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yake. Tukilipokea la jiwe kama ushahidi wa kuhojiwa, basi na la ulimi tulipokee hivyo hivyo. Upendeleo ni mmoja. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa na patasi.

Kwa hivyo nini kifanywe? Sina haja ya kudai makubwa. Tafsiri ya lile jiwe la 1635 iwekwe chini yake kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la sita ataona bila kuinua shingo, na kando yake iandikwe Pate na Siyu zilikuwa miji gani na watu wake walikuwa nani. Kwenye ukuta mmoja wa ndani iandikwe habari ya mwaka 1697: Bwana Daud wa Faza, watu wake 17, wanaume wanane, wanawake 50. Kama majina hayapo, nafasi 50 tupu zichongwe. Nafasi tupu ni maandishi pia, na zinasema ukweli zaidi ya kimya. Nakala za khati za Mwalimu Sikujua ziletwe nyumbani, zitandikwe mahali watu wanapoweza kuzisoma, na tungo za vita za Muyaka zighaniwe ngomeni mara moja kwa mwaka, na washairi wa leo wapewe ruhusa ya kumjibu. Majina ya mitaa, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na mengine yote, yachukuliwe kwa sauti za wanaoyajua kabla hayajabaki ya kutafutia bodaboda.

Na mazungumzo ya kuupandisha Mji wa Kale kutoka ukanda wa kinga hadi urithi wenyewe yaanze kwa uzito. Hayataisha haraka. Yataleta masharti ambayo wenye nyumba watayaogopa, na wana haki ya kuyaogopa hadi mtu awaonyeshe nani atalipia chokaa. Lakini hata kabla ya kamati yoyote kukaa, sisi wenyewe tunaweza kuacha kuisimulia Mombasa kama mahali palipotekwa na huyu kisha na yule. Ulikuwa mji wa watu waliochagua pande, waliojenga upya baada ya moto, waliotungiana mashairi makali, na ambao mara moja, tauni ilipowamaliza mabwana wa ngome, waliishika wao. Wiki moja baada ya ngome kuanguka, Desemba 1698, meli za msaada za Wareno zilitokea baharini zikakuta bendera nyingine juu ya kuta, zikageuza.

Jiwe la kapteni lisiondolewe. Lina haki ya kukaa pale kama ushahidi wowote. Ila litafsiriwe, na lijibiwe.